Siku Walipoiosha Barabara

Mkutano ulifanyika ndani ya darasa la chekechea, na kwa kuwa viti vyote vilikuwa vya watoto, watu wazima walikaa magoti yakiwagusa kidevu. Aliyesimama ni Bwana Kofia peke yake. Alikuwa afisa wa barabara, na jina hilo alibandikwa na mtaa kwa sababu ile kofia yake ngumu ya manjano hakuivua hata chini ya paa, utadhani mbingu zina kisasi naye.

Alipitisha kidole kwenye kizingiti cha dirisha, akakiinua juu. Kilikuwa cheusi tii.

"Mnaona? Vumbi hili ndilo wanalovuta watoto wenu. Na linatoka pale!" Kidole kilekile kikaelekea upande wa pili wa ua, kwenye banda la Mzee Kiraka.

Mzee Kiraka alikuwa amesimama mlangoni, ovaroli yake ikinuka gundi. Alikuwa fundi wa matairi, na miaka ishirini na sita alikuwa ameziba pancha kwenye kona ile, hatua kumi kutoka kwenye tuta ambapo malori hufunga breki. Kulaumiwa na wakubwa hakukumshtua. Mtaro ukiziba, kosa la wananchi. Lami ikipasuka, kosa la wananchi. Sasa na hewa nayo imepata mwenyewe.

"Fundi huyu anakwangua matairi kutwa kucha," aliendelea Bwana Kofia. "Unga wake unakwenda wapi? Humu humu! Banda liondoke kabla mwezi haujaisha."

"Na malori je?" Aliyeuliza ni mwalimu wa chekechea, binti pekee wa Mzee Kiraka. "Kutwa nzima yanafunga breki pale kwenye tuta mlilojenga ninyi."

"Malori yanapita, Mwalimu. Baba yako hapiti. Yeye yupo." Watu wachache wakacheka, na kicheko kikampandisha kichwa Bwana Kofia. "Kikulacho ki nguoni mwako. Mama yako mwenyewe, Mungu amrehemu, alikohoa miaka mingapi? Na alikuwa akiishi nyumba ya nani?"

Mshonaji, jirani wa ukuta kwa ukuta, alitoa pini mdomoni. "Hapo umevuka mpaka, baba. Rudi nyuma taratibu usije ukajikwaa."

Mzee Kiraka aliipangusa ovaroli yake. Swali lile alikuwa amelala nalo miaka minne tangu amzike mkewe. Mkewe ndiye aliyefagia banda kila jioni. Ndiye aliyeikung'uta ovaroli mlangoni kabla ya kuifua, lile wingu jeusi likimzunguka kichwa. Waganga wa hospitali walisema kifua, basi. Kifua! Kama kwamba mtu akienda kwao na maji kichwani watamwambia ana nywele.

"Pimeni," alisema hatimaye.

"Apime nani?"

"Yeyote mwenye macho, mradi hali mezani kwako."

Binti yake aliandika barua usiku uleule, na baada ya wiki mbili akashuka kwenye kona ile msichana mwembamba kutoka maabara ya chuo, amebeba sanduku kama amebeba mayai. Ndani mlikuwa na vipande vya vioo, kopo la mafuta ya mgando, na hadubini. Mzee Kiraka alimpa kigoda bandani, akamsimulia yote. Msichana alisikiliza huku macho yakizunguka kwenye matairi yaliyopangwa ukutani, mapya upande huu, vipara upande ule.

"Mzee," akasema, "haya yaliyokwisha umeyatoa kwenye malori?"

"Ndiyo."

"Yalipokuja mapya yalikuwa na meno marefu. Sasa hayana. Ile nyama yao imekwenda wapi?"

Mzee Kiraka aliyageukia yale matairi ukutani. Miaka ishirini na sita! Ameyatoa matairi vipara mpaka mgongo umepinda, na hata siku moja hajajiuliza nyama yao imekwenda wapi. Aliruka kutoka kwenye gogo lake kama aliyekalia siafu. Akabiringisha tairi jipya la lori mpaka katikati ya banda, akabiringisha na kipara cha aina ileile.

"Mshonaji! Mama! Njoo huku, acha cherehani!"

Mshonaji akaja na futi shingoni. "Kuna moto?"

"Inua hili."

"Mimi? Mgongo wangu nimeazima."

"Inua upande mmoja tu!"

Akainua tairi jipya kidogo, akaguna. Akainua kipara, kikanyanyuka chepesi. Akamtazama Mzee Kiraka, akalitazama jipya, akakiinua tena kipara. "Hee! Hili limekonda kama lililotoka kuuguzwa."

"Kumi na nane!" Mzee Kiraka alipiga kelele mpaka mwendesha baiskeli akageuka. "Lori lenye tela lina magurudumu kumi na nane, na kila moja limeacha nyama barabarani! Na wapi linaacha nyingi, kama si pale linapokanyaga breki? Tuta, mama! Tuta!"

"Polepole, mzee," alisema yule msichana mpimaji, ingawa naye alikuwa akitabasamu. "Hilo ni wazo. Sisi tunataka ushahidi. Na wewe unakwangua kweli. Inawezekana sana ni lako."

Inawezekana sana ni lako. Furaha ya Mzee Kiraka ilikunja mkia ikakaa.

Mpango ukawa wa siku kumi. Kila asubuhi kioo kilichopakwa mafuta kingewekwa kwenye dirisha la chekechea, kesho yake kitolewe, kiwekwe kingine. Siku tano za mwanzo banda lifungwe. Siku tano za mwisho lifunguliwe na fundi afanye kazi kama kawaida yake. Watoto walihamishiwa ua wa nyuma mpaka mambo yaishe. Bwana Kofia alisaini karatasi ya masharti huku akicheka, kwa sababu mtu anayejua atakuwa hakimu hana haja ya kuogopa kesi.

Siku tano Mzee Kiraka alikaa mikono mitupu. Aliyewahi kumwona fundi asiye na kazi anajua adhabu hiyo. Alifagia palipofagiliwa. Alimfundisha mshonaji kushona. Lakini kila asubuhi, mpimaji alipotoa kioo na kukilaza juu ya karatasi nyeupe, mzee alikuwa wa kwanza kuinama, kama mtu anayesubiri jina lake litajwe. Cha kwanza kilikuwa cheusi, na cha pili vilevile. Mpaka cha tano, vyote vilikuwa vyeusi, na tupa yake ya kukwangulia ilikuwa imening'inia kwenye msumari, haijagusa tairi.

"Tumeshinda!" alisema binti yake.

"Mmeshinda nini?" Bwana Kofia alikuja kuvitazama, kofia kichwani. "Hilo ni vumbi lake la zamani linalopeperushwa na upepo. Afungue leo, mtaona linavyokuwa maradufu."

Na ili liwe maradufu alilisaidia kidogo. Asubuhi ileile ya siku ya sita, gari la ofisi ya barabara lilimwaga matairi kumi na matano mbele ya banda. Yote yalikuwa yametoboka, na yote yalihitaji kukwanguliwa kabla ya kubandikwa kiraka. Orodha ilikuja nayo, na sahihi ya Bwana Kofia chini.

"Leo umependwa!" Mshonaji alipiga makofi. "Miaka yote ofisi ile haijakuletea hata tyubu ya toroli."

Binti akamvuta baba yake pembeni. "Baba, usikwangue. Paka gundi ubandike hivyohivyo. Siku tano tu."

"Kiraka kisichokwanguliwa hakishiki, mwanangu."

"Nani atajua?"

"Tairi litajua." Akaligeukia banda. "Na mimi nitajua. Unadhani natafuta banda tu? Banda nitajenga hata chini ya daraja. Nataka kujua ni nini nilichokuwa namletea mama yako nyumbani kila jioni."

Mzee Kiraka akachukua tupa, akaanza. Unga ukaruka, ukamkaa kwenye nyusi. Alimaliza manne siku ile. Asubuhi, kioo cha sita kilitoka cheusi, na mpimaji alipohesabu punje chini ya hadubini, alichelewa kuinua kichwa.

"Zimezidi kidogo," alisema. "Si nyingi. Lakini zimezidi."

Mzee Kiraka alitoka nje apate hewa, hewa ileile, na ndipo aliposikia mngurumo usio wa lori la kawaida.

Lilikuwa boza la maji. Lilikuja taratibu kutoka juu ya kona likimwaga maji kulia na kushoto, na nyuma yake wanaume sita wenye fagio ndefu wakisugua lami kama wanasugua sufuria. Maji meusi yalikimbilia mtaroni. Kule juu, vizuizi vilikuwa vimewekwa na malori yanageuzwa kupitia njia ndefu ya nyuma. Hakuna hata moja lililokuwa likishuka. Kona ilikuwa kimya kama siku ya msiba.

"Kuna nini?" aliuliza mzee.

"Mheshimiwa mkubwa anapita kesho kwenda kufungua daraja," alijibu mmoja wa wenye fagio. "Tumeambiwa asione hata jani. Siku tatu hizi hakuna lori hapa."

Damu ilimpanda Mzee Kiraka. "Miaka ishirini na sita! Miaka ishirini na sita sijaona tone la maji kwenye lami hii! Watoto wanakohoa, hakuna boza. Watu wanazikwa, hakuna boza. Mtu mmoja anapita ndani ya gari lililofunga vioo, boza hilo hapo!"

"Sisi tumetumwa, mzee. Sogea usilowe."

Alirudi mbio, tupa bado mkononi, akaingia darasani anahema. "Wameharibu! Wameiosha barabara! Wamezuia malori! Kipimo chote kimekwisha, mwanangu, wametuua!"

Mpimaji alisimama, akaenda dirishani. Akatazama boza, wenye fagio, barabara tupu inayong'aa. Uso wake kwanza ulinyong'onyea. Halafu ukabadilika. Aligeuka polepole sana, kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa.

"Mzee. Umebakiwa na matairi mangapi?"

"Kumi na moja."

"Kwangua."

"Mangapi?"

"Yote. Leo na kesho. Kwangua kama kawaida ya—"

Hakumaliza. Mzee Kiraka alikuwa ameshaelewa. Alimkodolea macho, akapiga paja, akatoka mbio kuliko alivyoingia. Kama ni unga wake, basi leo utajaa dirisha lote, hakuna lori la kusingizia. Kama si wake...

Hakuthubutu kuimaliza hata yeye.

Alikwangua. Kha, alikwangua! Shati lilimganda mgongoni, mishipa ya shingo ikamtoka, unga ukapaa mpaka paa la banda. Mshonaji alihamisha cherehani yake barazani ili asikose kitu. Wapita njia wakasimama. Mtu akauliza kama mzee ameingiwa na wazimu, mshonaji akamjibu, "Hapana, ameingiwa na hesabu." Bwana Kofia, aliyekuja kukagua usafi wa barabara, alisimama karibu na banda, mikono kiunoni, anatabasamu hadi magego.

"Wananchi, ninyi ni mashahidi! Kwa macho yangu nimemwona. Angalieni anavyotimua! Asije kesho akasema hakufanya kazi."

"Hatasema!" walijibu.

Asubuhi iliyofuata, nusu ya mtaa ilikuwa imejaa uani. Mpimaji alikitoa kioo cha saba kwa vidole viwili, akakilaza kwenye karatasi nyeupe. Watu wakasukumana. Mshonaji alikuwa wa kwanza kupata sauti.

"Kiko wapi?"

Maana kioo kilikuwa karibu kutoonekana juu ya ile karatasi. Doa hapa, doa pale.

Mzee Kiraka hakupiga kelele. Alishika fremu ya dirisha. "Weka kingine," alisema. "Weka cha nane. Bado nina matano."

Mheshimiwa alipita saa nne, magari meusi wiii, wiii, wiii, sekunde kumi na moja kwa saa ya mshonaji, na Mzee Kiraka hakuinua hata kichwa kutoka kwenye tairi la kumi na mbili. Kesho yake kioo cha nane kilitoka cheupe kama cha saba. Bwana Kofia aliitwa. Akainama juu ya vile vioo, kofia ikamshuka usoni, akaisukuma.

"Hakufanya kazi."

"Kumi na matano haya hapa," alisema mwalimu, akamkabidhi orodha. "Sahihi yako hii. Na juzi ulituita mashahidi."

"Tulimwona!" watu walipaza sauti. "Na wewe ulimwona!"

"Basi... basi ni dhahiri!" Jasho lilianza kumtoka chini ya ile kofia. "Vioo vitaachaje kuwa vyeupe? Barabara imeoshwa na malori hayapiti!"

Bwana Kofia alijaribu kuyaona maneno yake yalikoelekea, na hayakurudi. Halafu ua mzima ukalipuka. Watu walirukaruka, mshonaji alirusha futi lake hewani, mtu akaanza kupiga sufuria. Mchimba kisima alikuwa ameingia mwenyewe, na kofia yake.

"Rudia, bwana!" mshonaji alikuwa akilia kwa kucheka. "Rudia polepole, mimi sikusoma!"

Mpimaji aliandika maneno yale neno kwa neno, na chini yake akaandika kwamba banda halina sababu ya kuondolewa. Bwana Kofia akatia sahihi kwa sababu watu sitini walikuwa wakitazama mkono wake.

Binti alimtafuta baba yake amkumbatie, hakumwona. Mzee Kiraka alikuwa ameingia nyumbani. Alirudi dakika chache baadaye amefunga ngumi, anatembea kama anayeogopa kumwaga kitu. Akapita katikati ya shangwe mpaka kwenye meza ya hadubini.

"Vumbi hili ni la juu ya kabati," alimwambia mpimaji. "Upande wa mke wangu. Tangu afariki sijaruhusu mtu afute. Waweza kujua ni la nani?"

Mpimaji alimtazama, akaacha kucheka. Akapaka punje zile kwenye kioo, akarekebisha hadubini. Kwanza akaweka unga wa tupa, aliouchukua bandani. "Tazama wa kwako kwanza."

Mzee aliweka jicho. Miaka yote ameushika unga ule, leo ndiyo anauona! Vipande vilivyochanika, vyenye ncha, vitupu. "Ndiyo, hivi ndivyo tupa inavyong'ata," alisema kwa mshangao. "Ninaujua mkono wangu."

"Sasa punje za barabarani, za kioo cha kwanza."

Hizi zilikuwa nyingine kabisa. Zimeviringika kama zilizosokotwa kati ya kiganja na kiganja, na kila moja imejishindilia chembe za mchanga na lami. "Tairi limezisaga juu ya barabara," alisema mpimaji. "Tupa yako haiwezi kufanya hivyo."

Kisha akaweka kioo cha kabatini. Mzee Kiraka alihesabu mwenyewe, kwa sauti, punje ishirini. Binti yake alikuwa amekuja, amesimama nyuma yake, mkono begani. Yenye mchanga. Yenye mchanga. Yenye mchanga. Kwenye ya sita alisita. Akaendelea. Alipoinua kichwa, jicho moja lilikuwa na duara la hadubini, na yote mawili yalikuwa na maji.

"Kumi na saba za barabarani," alisema. "Tatu zangu."

"Mzee," mpimaji alimshika mkono, "hii haisemi nini kilichomuua mama. Mimi siwezi kukuambia hivyo, wala asikudanganye mtu. Inasema vumbi la ndani mwenu limetoka wapi, basi."

"Hayo tu ndiyo niliyouliza, mwanangu. Tatu! Nilidhani ni zote!" Akacheka, kicheko kikapasuka katikati, akakiokota tena. "Miaka minne nimedhani ni zote ishirini!"

Siku ya kumi vizuizi viliondolewa. Kabla jua halijapanda vizuri, lori la kwanza lenye tela lilishuka kona, likafunga breki kwenye tuta, tsss, na nyuma yake jingine. Mzee Kiraka alikuwa ameamka zamani. Alikuwa amehamishia benchi la kukwangulia nyuma kabisa, mbali na nyumba na darasa, ametandika chini gunia lililoloweshwa maji kunasa unga, na ovaroli akaitundika hukohuko nje, haitaingia ndani tena. Mshonaji aliyakuta hayo akashika kiuno.

"Umeshinda kesi halafu unajihukumu?"

"Tatu ni tatu, mama."

Kisha akamwita binti yake alete karatasi na kalamu. Mwalimu alikaa kwenye tairi lililolazwa, karatasi gotini.

"Andika kwa ofisi ya barabara. Na nakala kwa mkubwa wake, na mkubwa wa mkubwa wake, na yule aliyepita wiii wiii. Andika: punje ishirini tumezihesabu nyumbani kwangu. Tatu zilikuwa zangu, nimeziondoa leo asubuhi. Kumi na saba ni zenu. Boza tumeliona, fagio tumeziona, njia ya nyuma tumeiona. Msituambie haviko."

"Niandike kwa lugha ya heshima, baba, au hivyo ulivyosema?"

"Hivyo nilivyosema! Chini ongeza kwamba tunaweka kioo kila siku dirishani, na kila Jumatatu tutawaletea vyote saba mezani kwao, mpaka watafute mahali pa kuvificha wakose."

Lori la tatu lilifunga breki. Mpimaji alikuwa dirishani, anapaka mafuta kioo cha kumi, na watu wa mtaa walikuwa wameanza kukusanyika tena.